Kijiti Chenye Wanyama Wawili

Lama yule alimtemea Time Matar mate kabla hata hajafunga geti. Yalikuwa mate ya kijani, yenye harufu ya majani yaliyochacha, na yalitua kwenye mkono wa koti lake jipya. Time alijifuta kwa kitambaa, akamtazama mnyama, kama ngamia mdogo asiye na nundu, na mnyama akamtazama yeye bila haya. Katika miaka ishirini na miwili ya upelelezi wa kukodiwa hapa London alikwisha kufungiwa milango, kutukanwa kwa lugha sita na kumwagiwa maji ya deki. Wa kumtemea mate alikuwa huyu wa kwanza.

"Pole, dada," alisema Generosa, mtunza wanyama, akija na ndoo ya majani makavu kila mkono. Alikuwa mwanamke wa Bukoba, mfupi, mwenye mabega ya kubebea magunia. "Huyo ndo Malkia. Alikuwa mpole kweli. Tangu azae mfu, kawa hivyo."

"Alizaa mfu lini?"

"Tarehe tatu mwezi jana. Wiki ya tano hii."

Ilikuwa Ijumaa, saa tatu asubuhi. Saa tisa alasiri, kule Neasden, Dokta Kalpana, mwenye maabara ya kupima vinasaba vya mifugo, angemwita fundi wake Zainab na kumfukuza kazi kwa kosa la kughushi. Fundi aliyefukuzwa kwa kughushi hapati tena maabara ya kumpokea, hata ya kuoshea chupa. Zainab alikuwa na miaka ishirini na minane, na hiyo ndiyo kazi pekee aliyosomea. Alimpigia Time simu akilia kwa Kiingereza, maana vijana waliozaliwa hapa hata kulia hulia kwa Kiingereza.

Mashitaka yalikuwa mawili. Jumanne ya wiki iliyopita Zainab alikuja kwenye malisho haya ya Thamesmead kuchukua sampuli ya mtoto wa alpaka, jamaa mdogo wa lama anayefugwa kwa sufu. Kazi yenyewe si kubwa: unasugua kijiti chenye pamba ndani ya shavu la mnyama, unakitia kwenye bomba, unaandika saa, basi. Baba wa mtoto, dume anayeitwa Sultani, alikuwa na cheti cha nasaba kinachosema ni alpaka safi, vizazi kumi. Mnunuzi alitaka uhakika. Alhamisi majibu yalipotoka, kijiti kimoja kilikuwa na wanyama wawili ndani yake, alpaka na lama. Hilo la kwanza: alidaiwa kuchanganya vijiti kwa makusudi.

La pili ilikuwa barua isiyo na jina iliyopigwa chapa kwa Kiingereza. Ilisema sampuli ile ilichukuliwa saa 2.20 asubuhi na fundi aliye na ujamaa na watu wa mifugo, kwa hiyo itupwe. Fomu ya Zainab ilisema 8.20. Kwa saa za Kizungu, 2.20 ya asubuhi ni usiku mkubwa, saa za wezi na wachawi, na Dokta Kalpana aliiamini barua. Time alikuwa na nakala yake na ya bahasha mkobani, na mpaka asubuhi hiyo hata yeye hakuona jambo ndani yake.

Aliinama, akachungulia chini ya tumbo la Malkia kwa tahadhari. Kiwele kilikuwa kimejaa. Chuchu moja ilikuwa imelowa.

"Generosa," alisema akiinuka, "mnyama aliyefiwa wiki tano huwa amekauka. Huyu nani anamnyonya?"

Generosa aliziweka ndoo chini polepole. Gari la tajiri wake lilikuwa linaingia.

Hemant alishuka akiwa amevaa viatu vya mpira juu ya suruali ya suti. Alizaliwa Moshi, alikuwa na duka la vitambaa vya sufu Neasden, na alikuwa ameanza kufuga baada ya kuchoka kununua sufu kwa watu. Time alikuwa na sababu ya kumshuku: usiku wa kuamkia Jumanne ile alimpigia Zainab simu mara tatu. Watu hawapigii mafundi simu mara tatu kuulizia hali ya hewa.

"Dada Time, karibu! Chai umekunywa?"

"Mama wa mtoto yuko wapi, Bwana Hemant?"

"Anaumwa kidogo. Nimempeleka kwa daktari."

"Amezikwa wapi?"

Hemant alimtazama Generosa. Generosa alitazama ndoo zake.

"Mimi sikusema kitu, bosi," Generosa alisema. "Kiwele ndo kimesema."

Mficha maradhi, kifo humuumbua. Na Hemant alikuwa amekificha kifo chenyewe. Alikaa juu ya ukingo wa birika la maji, na maneno yakatoka yenyewe. Jike lilikufa siku ya pili baada ya kuzaa. Wanunuzi hawataki dume aliyelelewa yatima. Wanasema akikua anakuwa mkorofi, anapiga watu. Alimpigia Zainab simu kumwomba asiandike popote habari za mama, bila kumwambia kwa nini. Mara ya kwanza Zainab alikataa. Ya pili alikataa. Ya tatu hakupokea.

"Hongo?"

"Hongo ya nini, bwana! Kipimo nimekitaka mwenyewe. Kijiti kikiharibika, nauza nini mimi?"

Hilo lilikuwa kweli. Mtu hachomi nyumba anayotaka kuiuza. Time alimfuta Hemant kwenye orodha ya kichwani mwake, ingawa si kwa moyo mkunjufu.

"Huyu lama alikubalije mtoto wa mwenzake?"

Hapo Generosa alipata uhai. "Kwetu ng'ombe akimkataa ndama unampaka chumvi, anamlamba mpaka anamzoea. Nikajaribu. Dada, hawa hawalambi! Ulimi wao hautoki. Nimempaka chumvi mtoto wa watu mpaka nikamwonea huruma. Basi nikampaka mkojo wa Malkia, siku tatu mfululizo. Siku ya nne akamnusa, akanyamaza, akamwachia kiwele."

"Kwa hiyo si ulimi wake uliofika mdomoni mwa mtoto. Hawalambi kabisa?"

"Kabisa."

"Jumanne ile alinyonya saa ngapi?"

"Saa mbili kamili. Ndo zamu yake. Zainab akaja saa mbili na dakika ishirini. Mtoto bado ana povu la maziwa mdomoni. Zainab akauliza, haya maziwa ya nini? Bosi akamwambia ya unga, ya chupa."

Time alimgeukia Hemant. Hemant aliangalia viatu vyake vya mpira.

Time alitoa simu akampigia Dokta Kalpana. Daktari huyo wazazi wake walitoka Kampala, yeye alizaliwa Leicester, na Kiswahili chake kiliishia kwenye majina ya vyombo vya jikoni, kwa hiyo walizungumza Kiingereza.

"Maziwa yana vinasaba vya anayenyonyesha?"

"Yana seli zake. Ndiyo, yanavyo. Ndiyo maana mtoto anayenyonya hasuguliwi mdomo mpaka yapite masaa mawili tangu anyonye. Zainab analijua hilo."

"Aliambiwa ni maziwa ya unga. Lama wa Hemant, Malkia, mnayo kumbukumbu yake?"

"Alipimwa mwaka jana."

"Mlinganishe na yule lama wa kwenye kijiti. Nasubiri."

Akasubiri, mgongo wake umeegemea uzio, ukungu wa mto unampanda miguuni. Watu wa kwao hawakuhitaji maabara kujua nguvu ya maziwa. Zainab mwenyewe alipozaliwa, mama yake alilazwa miezi mitatu, na aliyemnyonyesha ni mke wa Mzee Mbarouk, jirani. Kuanzia hapo mwanamke yule akawa mama yake wa kunyonya na Mbarouk akawa baba yake, kwa sheria hasa, si kwa adabu tu. Zainab hawezi kuolewa na wanawe. Mbele ya wanaume wengine wote wa nje hufunga mtandio hata akiwa na homa. Kwa Mbarouk huutupa juu ya kochi akaingia jikoni kichwa wazi. Time alimwona hivyo Idi iliyopita, akimtilia mzee chai na kumwita Baba.

Na Mzee Mbarouk huyo ndiye aliyekuwa mweka daftari la nasaba la chama cha wafugaji. Cheti cha Sultani kilikuwa na sahihi yake.

Simu ililia. "Ni yeye," alisema Dokta Kalpana, na sauti yake ilikuwa imepungua kiburi. "Lama wa kwenye kijiti ni Malkia, alama kwa alama. Zainab hakuchanganya vijiti. Lakini kuna jambo jingine. Nikimtoa Malkia, anabaki mtoto peke yake, na mtoto huyu si alpaka mtupu. Robo yake ni vikunya."

"Vikunya ni nani?"

"Mnyama wa porini wa kule Andes. Alpaka alitokana naye, zamani za kale, kama lama alivyotokana na gwanako."

"Si ndiyo asili yao basi?"

"Asili ya kale imekwisha kukatwakatwa. Kila kizazi kinakata, vinabaki vipande vifupi vya vinasaba. Hivi ni virefu, vya juzi. Vimetoka upande wa baba: mzazi mmoja wa Sultani alikuwa mnyama wa porini. Cheti ni cha uongo. Na bado sijaelewa, Zainab alikwenda kufanya nini shambani saa nane za usiku?"

Time alikata simu. Maneno ya Generosa yalikuwa yanamzunguka kichwani tangu yalipotoka. Alitoa nakala ya barua akaikunjua.

"Generosa. Saa aliyokuja Zainab, kuna mtu mwingine alikuuliza?"

"Mzee Mbarouk wa daftari. Alipiga mchana wa siku hiyohiyo. Akauliza kaja nani, saa ngapi. Nikamwambia Zainab, saa mbili na dakika ishirini asubuhi."

"Ulimwambia kwa Kiswahili?"

"Sasa mzee wa Kizanzibari nimwambie kwa lugha gani?"

2.20 asubuhi. Mwandishi wa barua alisikia saa kwa Kiswahili, akaiandika vilevile alivyoisikia katikati ya Kiingereza chake kizuri, na kwa kuiandika hivyo alimhamisha binti wa watu kutoka asubuhi ya kazi akamtia usiku wa manane. Muhuri wa posta kwenye bahasha ulikuwa wa Jumanne. Majibu yalitoka Alhamisi. Mtu alitaka kijiti kitupwe siku mbili kabla hakijasema neno.

Time alitamani amkute Hemant na hatia. Ingekuwa rahisi sana.

* * *

Ofisi ya daftari ilikuwa Walthamstow, ghorofani, juu ya duka la mapazia, na kelele za soko zilipanda mpaka mezani. Mzee Mbarouk aliinuka kumpokea. Alikuwa na miaka sabini na mitatu, shati jeupe, kofia ya kiua, kalamu ya wino mkononi. Time alipokuja London akiwa msichana wa miaka kumi na saba, asiyejua hata kuwasha hita, mzee huyu ndiye aliyemtafutia kazi ya kwanza.

"Masalkheri, Ami."

"Alkheri, mwanangu. Kaa kitako. Umefikwa na nini leo, mbona uso umekufa?"

Time alikaa. Alielekeza kidole kwenye saa ya ukutani. "Ami, saa ile inasema saa ngapi?"

Mzee aligeuka. "Saa saba kasoro dakika kumi."

"Mshale mfupi uko kwenye ngapi?"

"Karibu na moja. Kwani—"

Time aliiweka nakala ya barua mezani, akaweka kidole chini ya zile tarakimu. Chini sokoni mtu alikuwa akinadi ndizi, tano kwa pauni moja.

"Miaka arubaini na tano nimo katika nchi hii," alisema mzee mwishowe. "Hata ndoto naota kwa Kiingereza. Siku ile niliandika kwa pupa, kama nilivyoambiwa."

"Baba yake Sultani ni nani?"

Hakubisha. Alifungua mtoto wa meza wa chini kabisa, akatoa bahasha iliyogeuka manjano. Ilikuwa barua ya miaka minane nyuma, kutoka bustani moja ya wanyama iliyokwisha kufungwa. Dume la vikunya liliruka ua, likaingia kwa alpaka wa jirani. Amezaliwa dume. Tunaona ni haki daftari lijulishwe.

"Kanuni inasema afutwe, ahasiwe, atolewe kundini," mzee alisema. "Alikuwa na miezi mitatu. Nikamwandikia baba."

"Kwa nini?"

"Kwa sababu hapana alpaka safi duniani! Miaka ishirini naandika usafi wa wanyama wasokuwa safi. Wahispania waliingia milimani kule na bunduki, mifugo ikafa, wachungaji wakafa. Waliobakia wakazaana na yeyote aliyebakia, alpaka na lama, na huyo wa porini hajui ua wa mtu. Vyuo vyote vimeshasema. Nami nakaa hapa napiga muhuri: safi, safi, safi."

"Ami—"

"Ngoja. Mwaka wa mapinduzi tulipangwa foleni, mimi na kaka yangu. Mtu kakaa na meza na karatasi, kama mimi hivi sasa. Kabila gani wewe? Kaka akasema alivyofunzwa na babu: Mwarabu. Mimi nipo nyuma yake. Nikasema Mpemba. Tumbo moja, Time, ziwa moja. Yeye akapelekwa upande wa kushoto, na mpaka leo kaburi lake silijui. Basi ilipokuja karatasi ya kumuuliza mtoto wa mnyama kabila lake, mkono ulikataa."

Time alimwamini. Alimwonea huruma, na huruma hiyo ilimtia hasira zaidi.

"Sikuja kwa ajili ya mnyama," alisema. "Generosa alikutajia nani kaja kuchukua kijiti?"

Mzee aliivua miwani.

"Alikutajia, Ami?"

"Alinitajia."

"Ukaandika hivyo hivyo."

"Sikumtaja jina."

"Alikwenda yeye peke yake! Ungemtaja nani tena? Mtoto wa mnyama ulimwandikia baba asiye wake. Zainab baba yake ni wewe, na umemtosa."

"Nilidhani watatupa kijiti tu. Wampime tena baadaye, baadaye wasahau. Sikujua watamfukuza."

"Wiki nzima umejua. Alikupigia simu akilia. Mimi kaniambia. Ulimwambia nini?"

Mzee Mbarouk aliangalia mikono yake. "Nilimwambia asubiri, Mungu yupo."

Kikulacho ki nguoni mwako, walisema wazee, na wala hawakukosea. Time aliinuka, akachukua bahasha ya manjano akaitia mkobani.

"Nipe mpaka Jumatatu, mwanangu. Nimwambie mwenyewe, taratibu, nyumbani."

"Zainab hana Jumatatu. Vaa koti."

Walishuka ngazi wakaenda kupanda treni. Walibadilisha Green Park, wakaendelea hadi Neasden. Mara moja mzee alimwuliza kama amekula, akasema ndiyo, na haikuwa kweli.

* * *

Chumba cha kikao kilikuwa nyuma ya maabara, hakina dirisha. Mzee alibaki kwenye benchi ya ukumbini. Ndani walikuwa wanawake watatu, mlango umefungwa: Dokta Kalpana na faili lake, Time na mkoba wake, na Zainab, ambaye alikuwa amelia mpaka mtandio ukamshuka mabegani na hakuhangaika kuupandisha.

Time aliyapanga mambo mezani moja moja. Kiwele kilicholowa. Maziwa ya saa mbili, kijiti cha saa mbili na dakika ishirini, uongo wa Hemant kuhusu unga. Kisha akawaeleza saa: kwao siku huanza jua linapochomoza, kwa hiyo saa ambayo Mwingereza huiita ya nane, wao ni ya pili. Dokta Kalpana alichukua fomu na barua akaziweka ubavu kwa ubavu, akazitazama kwa muda mrefu. Alikuwa mwanamke mgumu lakini si dhalimu. Alichukua karatasi ya kufukuzia kazi akaichana mara mbili.

"Nisamehe, Zainab," alisema. "Jumatatu rudi kazini."

Zainab alifuta pua. Hakufurahi kama Time alivyotarajia. Alikuwa anaiangalia barua, na akili yake ya kifundi ilikuwa imekwisha kuanza kazi. Aliuliza kwa Kiingereza, taratibu: ni nani anayehesabu saa hivyo, na anajua Kiingereza hivi, na anaogopa cheti cha Sultani?

Time alitamani amdanganye. "Yuko hapo nje," alisema. "Amekuja kutoa maelezo."

"Alijua ni mimi?"

"Alijua."

Zainab aliitikia kwa kichwa mara moja, kama mtu aliyesomewa kipimo ambacho alikitegemea. Dokta Kalpana, asiyejua maziwa ya nani yalinyonywa na nani, aliinuka akaenda kufungua mlango.

Zainab akaushika mtandio kwa mikono miwili. Aliupandisha kichwani, akauvuta mbele, akauzungusha shingoni, akasukuma ndani unywele wa mwisho uliokuwa umetoka karibu na sikio. Akauchomeka pini. Ndivyo anavyofanya akija fundi wa bomba.

Mzee Mbarouk alikuwa amekwisha kuinua mguu kuvuka kizingiti. Aliuona mtandio, akaurudisha mguu nje. Kofia aliivua, akaivaa tena.

"Niingie?" aliuliza. Hakumwuliza Dokta.

Zainab, ambaye tangu azaliwe hakuna aliyemsikia akijibu kwa Kiswahili, alijibu kwa Kiswahili safi cha mama yake wa kunyonya.

"Karibu, Bwana Mbarouk. Tunakusubiri."

Mzee aliingia. Akakaa kwenye kiti cha wageni karibu na mlango, akapapasa mfuko wa shati, na alipoona kalamu yake ameisahau Walthamstow, akaomba aazimwe ya kuandikia maelezo yake.